Vitonge vya Tende na Karanga Visivyohitaji Oveni

Jiko la mkaa au la gesi, kikaango, kinu na mchi wake, ungo na sinia: vyombo hivi vimo katika nyumba nyingi za kwetu, na vinatosha kabisa kutengenezea kitafunio kinachotia nguvu, kinachobebeka mfukoni bila kuvunjika, na kinachokaa wiki nzima bila kuharibika. Kitafunio chenyewe ni kitonge kidogo cha tende zilizopondwa pamoja na karanga, ufuta na nazi kavu. Hakiokwi, hakikaangwi katika mafuta, wala hakitiwi hata punje moja ya sukari ya dukani, kwa kuwa utamu wote na mshikamano wote hutoka katika tende.

Anayedhani kwamba jambo hili ni geni na aikumbuke kashata. Kashata ya karanga au ya nazi nayo haiingii katika oveni. Sukari huyeyushwa jikoni mpaka ikawa shira nzito, karanga au nazi ikatiwa humo, kisha mchanganyiko ukatandazwa na kukatwa ungali moto. Tofauti ni kwamba kashata hushikanishwa na sukari iliyochemka, ilhali kitonge hiki hushikanishwa na nyama ya tende. Na tende nazo ni wenyeji wa zamani wa mwambao: kwa karne nyingi majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Omani na Ghuba yalishusha tende Lamu, Mombasa na Zanzibar, yakangoja kusi ivume ndipo yarudi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko. Mabaharia wenyewe walizila njiani kwa sababu ile ile inayotufanya tuzitumie hapa, yaani ni tamu, zina nguvu nyingi kwa uzito mdogo, na haziozi upesi hata penye joto.

Mapishi mengi ya vitafunio vya aina hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na anayeyafuata neno kwa neno akiwa Dar es Salaam au Mombasa hushangaa kuona vitonge vyake vikilegea mezani kama uji. Sababu ni rahisi. Mapishi hayo hutegemea mafuta ya nazi au chokoleti vigande na kushikilia vitu vingine, lakini mafuta ya nazi huyeyuka joto linapofika karibu nyuzi 24 za Selsiasi, na katika mwambao joto la mchana mwezi wa Januari na Februari hupita nyuzi 30. Mafuta ya nazi kwetu ni kimiminiko kwa sehemu kubwa ya mwaka. Chokoleti nayo hulainika vibaya kwenye joto hilo hilo. Tende haina tabia hiyo. Hushika vilevile asubuhi na alasiri, na ndiyo maana nimeifanya msingi wa mwongozo huu.

Kabla ya kushika mchi

Mkate au keki hupita katika moto baada ya kukandwa, na moto huo huua vijidudu vingi vilivyoingia kwa mikono, kwa maji au kwa vyombo. Kitonge hakina moto wa mwisho. Kinavyotoka mikononi mwako ndivyo kitakavyoliwa, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya kuponda: kuchagua, kuosha, kukaanga na kukausha. Kuponda na kuviringa hakuzidi nusu saa. Mwenye haraka ataishia kufanya nusu saa hiyo peke yake, na atajuta siku ya tatu.

Jambo la pili la kuzingatia ni maji. Tende kavu na karanga zilizokaangwa hukaa muda mrefu kwa sababu zina unyevu mdogo ambao ukungu na bakteria hawawezi kuutumia. Ukiongeza maji, hata vijiko viwili vitatu, unawafungulia mlango. Mara ya kwanza nilipotengeneza vitonge hivi nilitumia nazi mbichi iliyokunwa muda huo huo, kwa kuwa ilikuwapo na harufu yake ilinivutia, nikavijaza katika kopo na kusafiri navyo kwa basi kutoka Tanga kwenda Mwanza. Siku ya pili kopo lilipofunguliwa lilitoa harufu ya togwa iliyopitiliza siku zake. Nilivimwaga vyote. Tangu hapo hakuna nazi inayoingia katika mchanganyiko wangu kabla ya kukauka kikaangoni.

Vipimo

Kwa vitonge 24 vya gramu 20 kila kimoja, utahitaji gramu 250 za tende zilizokwisha kutolewa kokwa, gramu 150 za karanga zilizokaangwa na kumenywa, gramu 40 za ufuta, gramu 40 za nazi iliyokaushwa, punje 6 za iliki, na robo kijiko cha chai cha chumvi. Asiye na mizani achukue kikombe cha kawaida cha mililita 250 na kukitumia hicho hicho kwa kila kitu: kikombe kimoja na nusu cha tende zilizoshindiliwa kidogo, kikombe kimoja cha karanga, na theluthi moja ya kikombe cha ufuta. Nazi kavu ni nyepesi, kwa hiyo nusu kikombe kitakaribia kipimo chake. Vipimo vya kikombe havitakuwa sahihi kabisa, na havina haja ya kuwa sahihi, kwa sababu mwisho wa yote mkono wako ndio utakaoamua kama mchanganyiko umekubali au la. Nunua tende gramu 300 hivi ili kokwa zikitoka ubaki na 250.

Tende

Tende bora kwa kazi hii ni zile laini zenye nyama nyingi. Zile kubwa za bei ghali, kama Medjool, zinafaa sana lakini kuziponda ni israfu, kwa kuwa zimekusudiwa kuliwa zilivyo. Tende za kawaida zilizoshindiliwa katika pakiti za plastiki, ambazo huuzwa sokoni kwa kilo na ambazo mara nyingi zimebondeka kiasi cha kutotamanika mezani, ndizo hasa tunazozitafuta. Bei yake hupanda Ramadhani inapokaribia; mwenye nafasi anunue mapema.

Pasua kila tende kwa mkono na uitazame ndani. Naomba hatua hii isirukwe hata kama pakiti imeandikwa kwamba kokwa zimeondolewa, kwa sababu mbili. Kwanza, kokwa moja au kipande chake kikibaki kinaweza kuvunja jino la mlaji asiyetarajia. Pili, wadudu wadogo hupenda kujificha katika uwazi ulioachwa na kokwa, na alama yao ni unga mweusi au wa kahawia uliokauka ndani ya tende. Tende yenye unga huo itupwe. Unga mweupe ulio juu ya ganda wakati mwingine ni sukari tu iliyojitokeza na kuganda, nayo haina madhara. Ukiipangusa kwa kidole chenye unyevu huyeyuka, tofauti na ukungu ambao huwa na manyoya na harufu ya kuvunda.

Baada ya kuzikagua, zisuuze haraka kwa maji safi ya kunywa, usiziloweke, kisha zitandaze juu ya kitambaa safi mahali penye upepo kwa muda wa saa moja au zaidi mpaka zisibaki na maji ya juu. Tende zikiwa ngumu kama ngozi, watu wengi hukimbilia kuziloweka katika maji ya moto, na hapo ndipo unyevu unapoingia bila hesabu. Njia bora zaidi ni mvuke: chemsha maji kidogo katika sufuria, weka chujio la chuma juu yake bila kugusa maji, tia tende humo, funika, na uziache kwa dakika 5 hadi 8. Zitalainika na kukubali kupondwa, na maji yaliyoingia yatakuwa machache mno. Zipepee mpaka zipoe kabla ya kuziponda.

Karanga, na kwa nini zichaguliwe moja moja

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye hatari ya kweli. Karanga, kama mahindi, hushambuliwa na kuvu ambao hutoa sumu inayoitwa sumukuvu, na Kenya wengi huijua kwa jina la aflatoksini. Sumu hii huathiri ini, na kuila kidogo kidogo kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini. Ikiliwa kwa wingi kwa mara moja inaweza kuua. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga hupunguza sumu kwa kiasi fulani lakini hakuiondoi yote, kwa hiyo hakuna ujanja wa jikoni unaoweza kuziokoa karanga zilizokwisha kuharibika.

Kinachosaidia sana ni kuchagua. Zimwage karanga mbichi katika ungo, penye mwanga wa mchana, na utoe kila iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, iliyobadilika rangi au yenye dalili yoyote ya ukungu. Sumu haiko sawa katika karanga zote. Mara nyingi hulundikana katika chache zilizo mbovu, na kuzitoa hizo chache ni kutoa sehemu kubwa ya sumu yenyewe. Usizile zile ulizozitoa, na usiwape kuku, kwa maana nao hudhurika. Mwenye kununua karanga zilizokwisha kukaangwa au kusagwa amenyang'anywa nafasi hii ya kuchagua, na ndiyo sababu mimi hununua mbichi, nzima, tena zenye ngozi yake.

Kikaango kikishapata moto wa wastani, mimina karanga na uzikoroge bila kuacha kwa dakika 15 hadi 20. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Ngozi ikianza kupasuka na harufu ikijaa jikoni, chukua moja, ipasue katikati na utazame rangi ya ndani: ikiwa na wekundu mwepesi wa chai ya maziwa, epua mara moja, maana karanga huendelea kuiva kwa joto lake lenyewe hata zikiwa nje ya moto. Zikipoa, zisugue kwa viganja ndani ya ungo na uzipepete mpaka ngozi zote ziondoke. Onja kadhaa. Karanga yenye uchungu au ladha ya mafuta yaliyochacha itaharibu kitonge kizima, na utamu wa tende hautaweza kuificha.

Ufuta na nazi

Ufuta, ambao baadhi ya Waswahili huuita simsim, huja na mchanga. Dawa yake ni kuumwaga katika bakuli la maji, kuukoroga kwa mkono, na kuuacha utulie kidogo. Mchanga hushuka chini na ufuta hukaa juu yake, kwa hiyo unauchota kwa chujio dogo taratibu bila kufika chini. Rudia mara mbili tatu, uanike juani mpaka ukauke, kisha uukaange kwa moto mdogo kwa dakika 4 au 5. Utasikia ukianza kuruka na kulia. Hapo tosha.

Kwa nazi kuna njia mbili. Unaweza kununua nazi kavu ya pakiti, lakini isome pakiti kwanza kwa kuwa baadhi zimetiwa sukari. Njia ninayoipenda zaidi ni kutumia machicha. Nyumba inayopika wali wa nazi au mchuzi hubaki na machicha kila siku, na mara nyingi huishia kwa kuku. Yakikamuliwa kwa nguvu, yakatandazwa katika kikaango kipana na kukaangwa kwa moto mdogo kwa dakika 20 hivi huku yakikorogwa, hukauka, hupata rangi ya dhahabu, na hutoa mlio wa pumba yanapokorogwa. Mlio huo ndio ishara kwamba maji yamekwisha. Machicha yamepoteza sehemu ya mafuta yake katika tui, hivyo kitonge kitakuwa kikavu kidogo kuliko cha nazi nzima, jambo ambalo katika joto letu ni faida. Yatumie siku ile ile ulipokamua tui. Machicha yaliyolala nje usiku kucha yamekwisha kuanza kuchacha.

Kuponda

Kinu kiwe kikavu na kisiwe na harufu. Kinu kilichopondewa kitunguu saumu jana kitakukumbusha jana yote, na kukiosha muda huo huo hakusaidii kwa sababu mti hunywa maji. Mwenye kinu kimoja tu na akiweke juani tangu siku iliyotangulia, au atumie ubao wa kukatia na kisu kizito.

Anza na iliki na chumvi, uziponde mpaka ziwe unga. Fuatisha karanga, na uzitwange kwa mapigo mafupi mpaka ziwe chengachenga. Zikiendelea kupondwa zitatoa mafuta na kugeuka siagi ya karanga, na mafuta hayo yatazuia tende zisishike. Zitoe, uweke kando. Sasa ziponde tende peke yake, kidogo kidogo, ukichovya ncha ya mchi katika ufuta au nazi kila inapoanza kunata. Zikiwa donge moja, rudisha karanga, nusu ya ufuta na nusu ya nazi, kisha uache mchi na ukande kwa mkono uliooshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri.

Wenye blenda wanaweza kuitumia kwa karanga bila shida, lakini wawe waangalifu na tende. Tende nzito hushika visu, mota hulazimishwa kuzunguka bila kuzunguka, na moshi hutoka. Mimi nimeunguza mota ya blenda moja kwa tamaa ya kusaga nusu kilo kwa mkupuo mmoja. Saga konzi mbili kwa wakati, sekunde chache, upumzishe, uendelee. Chombo kinachoshinda vyote, na ambacho watu hawakifikirii, ni ile mashine ya mkono ya kusagia nyama. Ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikaushwe, kisha tende zipitishwe humo mara moja: hutoka kama unga uliokandwa, bila umeme na bila jasho.

Kabla ya kuviringa, fanya jaribio. Chukua kiasi kidogo, kifinye katika kiganja na ukifungue. Kikishikamana na kuacha kiganja kikiwa na mng'ao mdogo tu wa mafuta, mchanganyiko uko tayari. Kikimomonyoka, ongeza tende mbili tatu zilizopondwa; zikikosekana, kijiko kimoja cha chai cha asali, na baada ya hapo ujaribu tena kabla ya kuongeza kingine. Kikinata katika vidole kama gundi, ongeza nazi au ufuta. Maji yawe suluhisho la mwisho kabisa, na kwa matone.

Kuviringa

Pima kiasi cha gramu 20, ambacho kikiviringwa hufikia upana wa sentimita 3 hivi, yaani kama yai la njiwa. Kifinye kwanza kwa nguvu mara mbili ili hewa itoke, ndipo ukiviringe. Kitonge kilichoviringwa bila kufinywa hupasuka kikikauka. Mikono ikianza kunata, ifute kwa kitambaa chenye unyevu au uipake tone la mafuta ya nazi. Nusu ya ufuta na nazi uliyoibakiza imwage katika sahani na uvigaagaze humo vitonge, kwa uzuri na kwa kazi: huzuia vitonge visishikane ndani ya kopo.

Asiyetaka kuviringa anaweza kufuata mtindo wa kashata. Tandaza karatasi safi ya kufungia chakula katika sinia, shindilia mchanganyiko humo kwa kitako cha kikombe mpaka uwe na unene wa sentimita moja na nusu, uache katika jokofu kwa saa moja, kisha ukate vipande vya umbo la almasi kwa kisu kilichopakwa mafuta. Vipande hivi hupangika vizuri zaidi safarini. Penye wageni, hata hivyo, nadhani vitonge hupendeza zaidi katika sahani.

Tende zikiwa adimu

Kwa walio mbali na mwambao, ambako tende huonekana Ramadhani tu, siagi ya karanga na asali zinaweza kuchukua nafasi yake. Chukua gramu 150 za oti, ambazo watu wengi huziita shayiri ingawa shayiri hasa ni nafaka nyingine, uzikaange kavu kwa dakika 6 au 7 mpaka zinukie, uziponde nusu yake, kisha uchanganye na vijiko 8 vya chakula vya siagi ya karanga na vijiko 5 vya asali, pamoja na vijiko viwili vya unga wa ubuyu. Ubuyu huleta ukali unaokata uzito wa siagi. Viringa na uhifadhi katika jokofu, kwa kuwa vitonge hivi ni laini zaidi kuliko vya tende na havivumilii jua. Mwenye ulezi anaweza kuutumia unga wake badala ya oti, ilimradi ukaangwe kwanza mpaka ubadilike rangi. Unga mbichi wa nafaka yoyote usiliwe bila kupikwa, kwani unaweza kubeba bakteria kutoka shambani au mashineni.

Korosho za Mtwara na Lindi hufanya kitonge laini na chenye ladha ya maziwa kuliko cha karanga. Zinunuliwe zikiwa zimekwisha kubanguliwa, kwa kuwa ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na kazi hiyo waachiwe wanaoijua. Vipimo ni vilevile. Tangawizi kavu iliyosagwa huenda vizuri sana na korosho, kijiko kimoja cha chai kwa mchanganyiko wote, ila kwa watoto ipunguzwe.

Nguvu iliyomo, na nani asile

Kwa hesabu ya vipimo vya tende nilivyotoa, kitonge kimoja kina takribani kilokalori 85, gramu 2 za protini na gramu 7 za sukari ya asili. Vitonge viwili, basi, vina sukari inayokaribia vijiko vitatu na nusu vya chai. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu neno "asili" huwafanya watu wale sahani nzima wakiamini kwamba wanakula mboga. Mwenye kisukari asiviguse bila kuvihesabu katika mlo wake kama anavyohesabu chakula kingine kitamu. Na neno "nguvu" nalo lisimdanganye mtu: wakimbiaji wa Iten wamekuwa wakipata nguvu zao katika ugali na chai ya maziwa yenye sukari, na hakuna kitonge kitakachofanya kazi ambayo mlo haujaifanya. Faida ya kitonge ni wepesi wa kubebeka. Kinamfaa mwanafunzi mwenye siku ndefu, dereva, mkulima aliye mbali na nyumbani, na mwenye kufunga anayetaka kitu kidogo cha kushikilia tumbo wakati wa daku. Mwenye kukimbia akile kama saa moja kabla, kwani mafuta ya karanga na ufuta huchelewesha mmeng'enyo.

Karanga, korosho na ufuta huwaletea baadhi ya watu mzio mkali, unaoweza kuziba pumzi. Kwa hiyo usimpe mtoto wa jirani kabla ya kumuuliza mzazi wake, na vitonge vya kupeleka shuleni au msibani viwe na maelezo ya vilivyomo. Watoto walio chini ya miaka mitano wanaweza kusakamwa na chenga za karanga, hivyo chao kipondwe mpaka kiwe laini kabisa na kikatwe vipande vidogo. Kitonge chenye asali kisipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia.

Kuhifadhi

Vitonge vya tende vilivyotengenezwa kwa vitu vikavu hukaa siku 7 nje ya jokofu, katika kopo linalofunga vizuri, mahali pasipo na jua. Katika jokofu hukaa wiki tatu, na katika friza miezi mitatu. Msimu wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu kiasi cha chumvi kuganda ndani ya chupa yake, punguza siku za nje ziwe 4. Vya siagi ya karanga na asali vikae katika jokofu na viliwe ndani ya wiki moja. Umeme ukikatika kwa nusu siku vitalegea lakini havitaharibika, na vikirudi katika baridi hushika tena.

Tumia koleo au mkono mkavu kuvitoa, na usirudishe kilichokwisha kushikwa. Panga kila safu juu ya karatasi. Kikionekana kitonge kimoja chenye doa la kijani au utando mweupe wenye manyoya, usikitoe hicho peke yake na kubakiza wenzake, kwa maana ukungu huwa umekwisha kuenea kabla ya kuonekana. Kopo zima limwagwe, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, na lianikwe juani kabla ya kutiwa vingine. Vya friza havihitaji kuyeyushwa jikoni: ukivitoa alfajiri na kuvitia katika mkoba, saa nne asubuhi vitakuwa tayari kuliwa.